Nyundo Sio Fundi

Wacha niseme hii kitu wazi, na mwenye atakasirika akasirike. Mtu akichomelea nati ya gurudumu la nyuma kwa ekseli ya pikipiki yako, hajakutengenezea. Amekuuzia ajali ya kulipa polepole. Na tumeizoea hadi tunamshukuru, tunamwachia na chenji juu yake.

Najua kuna watu wataniambia nati ni kitu ndogo sana ya kuandikia posti ndefu hivi. Hao ni watu wa gari na mafuta ya kadi. Hapa kwetu pikipiki ni ofisi. Kuna jirani yako anaamka saa kumi na moja asubuhi, anapeleka wa soko, anapeleka watoto wa shule, anarudi na magunia. Wengi wao pikipiki bado ni ya mkopo, na kila siku lazima kitu kiingie kwa simu, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa huyo mtu, siku moja kwa gereji ni siku ya deni. Thredi za ekseli zikiisha, ni unga umeisha.

Sasa hoja yangu ni moja, na nitairudia hadi ishike: vyuma vingi tunavyonunua upya havikuchakaa. Vilipigwa. Mtu alichukua nyundo kabla hajachukua kitu cha kupimia. Na kupima si siri ya wazungu ama ya injinia. Unaweza kupima nyumbani, kwa uwanja, ukiwa umekaa kwa kasuku ya rangi imepinduliwa.

Tuanze na ekseli ndio tuelewane. Ule ni msumari mnene wa chuma. Unapita upande mmoja wa ule mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma, unapita ndani ya beringi, unatokea upande wa pili, halafu nati inabana kila kitu pamoja. Mahali ekseli inapita kwa fremu, shimo si la duara. Ni refu kidogo, limelala. Limetengenezwa hivyo makusudi, ndio ukilegeza nati uweze kusukuma gurudumu nyuma ukaze cheni. Cheni ya boda inalegea kila wakati, juu inavuta mizigo kutwa nzima. Kwa hivyo ile nati ilitengenezwa ifunguke. Itafunguka leo, itafunguka mwezi ujao, itafunguka siku ya pancha.

Ukiichomelea, umeua hiyo kazi yote. Cheni haiwezi kukazwa tena. Gurudumu haliwezi kutoka bila grainda. Isitoshe, moto wa kuchomelea unabadilisha chuma pale karibu na mshono, ugumu wake hauwi ule kiwanda kiliupima. Na kama mwenye kuchomelea amefunga ile waya ya athi kwa gurudumu, umeme unapita kwa beringi na kuzichoma vidoti kwa ndani. Utasikia mngurumo baada ya wiki kadhaa, uambiwe beringi za siku hizi ni feki.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Binamu yangu alipata pancha mwaka jana. Mtu wa pancha hakuwa na spana ya saizi, akatumia ile wanaita spana malaya, akala kona za nati. Ikakataa kutoka vizuri, akaitoa kwa hasira. Halafu akagonga ekseli kwa nyundo ya chuma, moja kwa moja kwa mdomo wa thredi. Mdomo ukapanuka kama uyoga. Kurudisha, nati ikaingia kombo, ikakazwa hivyo hivyo hadi ikararua. Gereji ya pili wakaangalia dakika moja: "Bosi, hii tunapiga moto tu, shilingi mia." Mia ikalipwa. Miezi miwili baadaye cheni ilikuwa inaning'inia kama kamba ya nguo, na hakuna vile angeikaza. Ikaruka sproketi akiteremka mlima, ikajikunja, gurudumu la nyuma likashika. Abiria alikuwa ameshuka steji iliyopita. Binamu aliamka na goti limechunika na mguu wa pikipiki umepinda.

Hesabu: kukata nati kwa grainda, ekseli mpya, beringi, cheni na sproketi zake. Ile mia moja ilizaa elfu nne na siku tatu bila kazi. Na tunasema tulipata bahati. Ndio, tulipata. Lakini bahati si mpango wa usalama.

Sasa niwaonyeshe vile ile ekseli ingeokolewa siku ya kwanza, nyumbani, kabla ya welda kuitwa.

Kwanza, safisha. Brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa, na ukae mbali na jiko. Thredi nyingi tunazosema zimeisha zimejaa tu uchafu, kutu na mabaki ya nati. Huwezi kuhukumu kitu hujaona.

Pili, pima. Nati ya ekseli ina unene wake na ina mwendo wa thredi zake, yaani umbali kutoka mgongo mmoja wa uzi hadi unaofuata. Chukua rula ya mtoto wa shule. Weka sifuri kwa mgongo mmoja, hesabu nafasi 10, usome milimita. Ukipata 12.5, mwendo ni 1.25. Ukipata 15, mwendo ni 1.5. Ni hiyo tu. Ukienda dukani sasa utasema, "Nipe nati ya 12 kwa 1.25," na hautauziwa nati ya 12 kwa 1.5 yenye itaingia mizunguko miwili, igome, halafu mtu aseme "kaza tu itaingia." Hapo kwa "kaza tu" ndipo ekseli nyingi zinafia.

Tatu, angalia uharibifu uko wapi. Kama ni thredi mbili tatu za mwisho pale mdomoni, hiyo ni kazi ya tupa ya pembe tatu. Thredi za milimita zina pembe ya digrii 60. Ile tupa ya kunoa msumeno, yenye pande tatu sawa, kila kona yake ni digrii 60. Inalala ndani ya uzi kama imezaliwa hapo. Pitisha polepole ukifuata mzunguko, ondoa tu chuma kilicholala mahali si pake. Kama mdomo umepanuka kama uyoga, usugue kwanza hadi urudi upana wake, halafu uchonge ukingo kidogo ndio nati ipate pa kuanzia.

Nne, kama nati bado haishiki pale mdomoni lakini thredi za ndani ni nzima, kuna ujanja mzuri sana. Chukua nati ya saizi ile ile, ikate katikati vipande viwili. Vishike vile vipande juu ya thredi nzima za ndani, uvibane na koleo ya kufunga, tia oili, halafu uzungushe ukitoka nje. Ile nati iliyokatwa inatembea juu ya njia nzima kwanza, kisha inafika kwa iliyoharibika ikiwa tayari imenyooka, inaisukuma irudi kwa mstari. Nati inayoingizwa kutoka nje inaweza kupotea njia. Inayotoka ndani haina pa kupotelea.

Tano, kama kuna mtu karibu ana dai, yaani kile kifaa cha kukatia thredi, tumia ya saizi kamili uliyopima. Oili, zungusha nusu mbele, rudi robo ndio vumbi la chuma livunjike, endelea. Usitumie nguvu ya bega. Ikikataa, rudi nyuma uangalie.

Mtihani wa mwisho ni wa vidole. Nati mpya inapaswa kuingia kwa vidole hadi mahali itakaa, bila spana. Nasema nati mpya juu nati ya zamani nayo imeraruka ndani, hata kama huoni, na nati ni bei ya chini kuliko ekseli mara nyingi.

Sitaki mtu atoke hapa akiokoa maiti. Nati ikikazwa, thredi hazigawani mzigo sawa. Ule uzi wa kwanza karibu na mahali nati inabana unabeba kama theluthi ya mzigo, unaofuata unabeba chini ya hapo, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa hivyo thredi zikiwa zimeisha pale nati inakaa, nunua ekseli mpya, hakuna tupa itakusaidia. Ekseli ukiiviringisha juu ya kioo cha dirisha na inaruka ruka, imepinda, tupa. Na mtu akikuambia atachonga ekseli iwe nyembamba avalishe nati ndogo, chukua pikipiki yako uende.

Na kuna kinga yenye haigharimu hata shilingi. Kabla ya kugonga ekseli kutoka, rudisha nati hadi iwe sawa na mdomo, ndio pigo lipige nati, si thredi. Weka kipande cha mti mgumu katikati. Na kama imeshika kutu, tia dizeli usiku ulale. Kutu haina haraka, wewe ndio una haraka.

Kukaza nako kuna hesabu. Mkono wa spana wa sentimita 30 ukibebeshwa uzito wa kilo 20 unatoa karibu Newton mita 59. Sasa chukua ile paipu ya mita moja tunayopenda kuvalisha spana, mtu wa kilo 60 asimame juu yake. Hiyo ni karibu 590. Mara kumi. Halafu tunashangaa thredi zimeenda wapi. Kipimo cha pikipiki yako kimeandikwa kwa kitabu chake, kile kijitabu kiliwekwa chini ya kiti na hakuna mtu amewahi kukifungua.

Huu ugonjwa hauko kwa ekseli pekee. Injini ndogo zinafunguliwa kila siku kwa sababu hiyo hiyo. Pikipiki, jenereta, ile pampu ya maji ya shamba, yote ni silinda moja, na yote inahitaji vitu vitatu: mafuta, moto na kompresheni. Inakataa kuwaka, mtu anapiga kiki mara tano, anatingisha kichwa: "Injini imeenda. Silinda ichongwe, pistoni mpya, ringi mpya." Amejuaje? Amepima nini?

Anza na mafuta. Fungua ile skrubu ya chini ya kabureta, uone kama petroli inatiririka ama inadondoka kama machozi, na kama ina maji. Halafu moto. Toa plagi, irudishe kwa kofia yake, ishikilie chuma chake kiguse injini mbali na tundu na mbali na ile petroli, kisha upige kiki. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Nyekundu na dhaifu, fuata waya, kofia na plagi yenyewe. Plagi ikirudi, ianze kwa vidole. Kichwa cha injini ni aluminiamu, ni laini, na thredi zake zinararuka kwa kosa lile lile la ekseli.

Kompresheni nayo usibahatishe. Kama kiki inashuka bila kusukuma mguu wako, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwa tundu la plagi, piga tena. Ikipata nguvu, oili imeziba ringi kwa muda, kwa hivyo shida ni ringi ama silinda. Isipobadilika, angalia vali. Na kabla hujatoa kichwa kuangalia vali, pima tapeti injini ikiwa baridi. Zungusha hadi pistoni ifike juu kabisa wakati vali zote mbili zimefungwa, ile alama ya T ionekane kwa dirisha, upime nafasi kwa vile vibati vyembamba vya fila. Kwa injini nyingi ndogo za pikipiki nafasi ni sehemu ndogo sana ya milimita, kama 0.05 hadi 0.10, na kitabu chako kitakuambia kamili. Vali zikikazana, hazifungi vizuri, hasa injini ikipata moto. Inawaka asubuhi, inagoma saa sita. Nimeona mtu akiambiwa anunue pistoni kwa shida ya kugeuza skrubu moja ya tapeti. Dakika 20, spana mbili.

Sasa najua majibu yenu. Nimeyasoma kwa komenti kabla hamjaandika.

"Fundi mzoefu anajua kwa sikio." Kweli, na namheshimu. Kuna wazee wa jua kali wanasikia beringi ikilia wakiwa ng'ambo ya barabara. Lakini mwangalie huyo mzee vizuri. Sikio linamwonyesha pa kuanzia, halafu anapima. Wenye wanaruka kupima ni wale waliojifunza ukali wa mzee bila kazi yake.

"Mteja hataki kulipa." Hapa nitawagombanisha nyinyi wateja pia. Unafika gereji umewasha, hutaki hata kushuka, unasema "Fundi, fanya haraka, nina mtu." Unataka kazi ya saa moja kwa dakika 10 na mia. Fundi akisema atasafisha thredi, atafute dai, ulipe mia tatu, unaenda kwa jirani yake mwenye welda. Halafu unalia mafundi ni wabaya. Wewe ndio ulinunua moto. Lipa muda wa mtu anayepima, na utaona mafundi wa kupima wanaongezeka.

"Wewe uliacha chuo, utatufunza nini?" Hii napendaga. Ndio, niliacha mwaka wa pili. Na niwaambie nilichoona huko: tulichora thredi kwa karatasi, digrii 60 na kila kitu, mistari safi, na hakuna siku mtu alinipa nati mkononi. Wenye wanajua vipimo hawashiki grisi. Wenye wanashika grisi hakuna mtu amewapa vipimo. Katikati hapo ndipo binamu yangu aliangukia. Mitihani ya ufundi ya NITA iko, daraja la tatu hadi la kwanza, na kuna mafundi wa mtaa wangeipita wakiwa wamelala. Lakini kama mteja haulizi na steji haiulizi, kwa nini fundi ajisumbue?

Kwa hivyo nauliza steji. Kampeni nyingi za usalama wa boda nimeziona zinaongea helmeti na reflekta, na ni sawa, vaa. Lakini helmeti haikazi cheni. Kila steji iko na mwenyekiti, iko na mchango. Mnachangiana mazishi, mnachangiana hospitali. Changeni mara moja mnunue vyombo vya steji: dai za saizi mbili tatu za ekseli zenu, tupa ya pembe tatu, fila, na spana moja ya kupima nguvu. Mviweke kwa mtu mmoja mwaminifu, kila mwanachama atumie. Pikipiki 30 zikigawana vyombo hivyo, kila mmoja atatoa pesa kidogo kuliko ile anapoteza siku moja akiwa amelala kwa gereji.

Na wewe binafsi, kabla Jumapili ifike, chuchumaa nyuma ya pikipiki yako uangalie vitu vitatu. Je, thredi moja ama mbili zimetokeza nje ya nati? Kama ekseli ina tundu la pini, pini iko? Na nati inafunguka kwa spana, ama kuna mshono wa moto hapo? Kama kuna mshono, usingoje cheni ikuamulie siku. Niandikie hapo chini ulilipa ngapi kuchomelewa, na ni saizi gani, ndio tukusanye orodha ya ekseli za pikipiki zetu na mtu asiuziwe tena nati ya kombo.

Mafundi mnaopima, nyinyi pia andikeni mko wapi. Nataka kuwatumia wateja.